Barua ya wazi kwa kamati ya njia za baiskeli msituni: msifungie betri, fungieni throto

Kwa Mwenyekiti, Katibu na wanakamati wote, na kupitia kwenu kwa afisa anayesimamia msitu wetu hapa Kaunti ya Nakuru,

Salamu na heshima zangu kwenu.

KUH: KUKATAZWA KWA BAISKELI ZA STIMA KWENYE NJIA ZA MSITUNI

Bwana Mwenyekiti, tunajuana. Baiskeli yako ndio hiyo huletwa kwangu kila baada ya mvua cheni ikilia kama mlango wa posho mil, kwa hivyo usichukue hii barua kama vita. Lakini barua ya kwanza kuhusu lile tangazo lenu la getini la kukataza baiskeli za stima nilileta kwa mkono mwishoni mwa mwezi wa tatu, Katibu akaipokea akasema itasomwa mkutano unaokuja. Ya pili mwezi wa nne, nikaambiwa mkutano umesongezwa. Ya tatu nilituma kwa simu, nikaona tiki mbili za buluu halafu kimya, na wiki iliyofuata nikatolewa kwa grupu bila hata kuambiwa nimekosea wapi. Basi leo naandika mahali kila mtu anaona. Jina la msitu sitataja wala la mtu yeyote, wenye wanaendesha huku wanajua ni geti gani naongelea.

Niseme mapema mimi ni nani ndio mtu asije kusema baadaye amenigundua. Mimi ni fundi wa baiskeli. Nafunga mota kwa baiskeli za watu, kwa hivyo hii maneno iko na pesa yangu ndani. Si nyingi, mwaka jana nilifunga 11 tu, hiyo ingine yote ni pancha, rimu, spoki na kubishana na watu bei ya breki pedi. Lakini ipo na nimeisema.

Sasa sikieni kilichofanya nichoke. Jumamosi moja mwezi wa tano, saa moja na nusu asubuhi, ukungu bado umelalia miti, nilikuwa pale getini na Mwalimu. Ni mwalimu mstaafu, alinifunza hesabu darasa la sita, sasa ana miaka 66 na goti moja lilifanyiwa upasuaji. Baiskeli yake nilimfungia mimi, mota ya kati (inakaa pale kwa pedali) ya wati 250, throto haina (ile ya kubonyeza au kuzungusha mota iende bila kukanyaga), hata waya wa throto sikuweka. Askari akainama, akaigonga betri na kidole kama mtu anapima tikiti maji kama limeiva, akasema, "Hii iko na betri mzee, haiingii." Mwalimu akamwangalia kwa upole tu, akamuuliza, "Na hiyo tochi yako kijana, inatumia mafuta ya taa?" Askari mwenyewe alicheka. Tukiwa bado tunaongea nduthi, yaani pikipiki, ikatoka ndani ya msitu na magunia matatu, sikuuliza ya nini, geti likainuliwa, dereva hata hakupunguza mafuta, moshi wote ukatuingia sisi. Mwalimu akageuza baiskeli. Alirudi nyumbani kwa ile lami ya malori, na hapo ndio mahali sikutaka kabisa aendeshe.

Malalamishi yangu ni haya.

1. Pesa mlichukua na kazi tukafanya. Mwezi wa kwanza kila mwanachama alitoa shilingi 2,000 za mwaka, wenye baiskeli za stima pia, na mweka hazina alijua nani anaendesha nini kwa sababu tulikuwa tumeziegemeza hapo hapo kwa ukuta. Halafu tukaitwa kuchimba mifereji ya maji ile sehemu ya juu inayobomoka, mimi nilikuja na majembe mawili na kijana wangu wa kazi, tukafunga duka siku nzima. Wiki tano baadaye tangazo likabandikwa getini, karatasi moja, mistari minne, haina sahihi haina tarehe. Hakuna aliyerudishiwa hata shilingi. Hakuna aliyeitwa kuulizwa. Katiba yetu ya 2010 Kifungu cha 69 kinasema wananchi wahusishwe kwa kusimamia mazingira, na cha 47 kinasema uamuzi wa ofisi ukimuumiza mtu haki yake, apewe sababu kwa maandishi. Mistari minne ya "kuanzia leo ni marufuku" si sababu.

2. Mnaangalia kitu siyo. Hapa naomba mnivumilie kidogo juu ni kazi yangu na ni hapa kila mtu anachanganyikiwa. Baiskeli za stima si aina moja. Kuna ile ya kusaidiwa, iko na kifaa kinasikia ukikanyaga, ukikanyaga mota inaongezea nguvu, ukiacha inaacha, na ukifika spidi fulani inajizima yenyewe ubaki na miguu yako. Halafu kuna ile ya throto, unakaa unabonyeza au unazungusha kama nduthi na pedali ni za urembo. Ulaya walitenganisha hizi mbili kitambo: wati 250, mota inakata kwa kilomita 25 kwa saa, na lazima ukanyage, hapo inahesabiwa baiskeli, ukizidi hapo wewe uko na chombo kingine na sheria zingine. Marekani waligawanya mara tatu, daraja la kwanza ni la kukanyaga peke yake na mota inakata kwa maili 20, kama kilomita 32, la pili liko na throto, la tatu linasaidia mpaka maili 28 ambayo ni kama 45. Na huko kwao ziko njia za msituni zinaruhusu daraja la kwanza na kukataza hayo mengine. Kwa hivyo swali la betri iko ama haiko wenzetu walishaliacha. Wanauliza inafanya nini.

Na hizo wati mjue ni kiasi gani. Mtu wa kawaida akikanyaga saa nzima anatoa kama wati 100 hivi, akiwa amefanya mazoezi atafika 200. Mota ya 250 ni kama umeongezewa rafiki wawili wa kukusukuma mgongoni. Boda ya cc 100, hiyo mnayoinulia geti, inatoa zaidi ya wati 5,000. Wekeni hizo namba mbili kwa karatasi moja halafu mniambie ni gani inaharibu msitu.

3. Ajali ya mwezi wa tatu. Hii najua ndio chanzo cha tangazo hata kama haikuandikwa, na sitaipita haraka kwa sababu nami nimo ndani yake.

Wote mnajua kilichotokea, kijana aliteremka ile njia nyembamba ya mikaratusi akamgonga mama aliyekuwa amebeba kuni, mama akavunjika kifundo cha mkono. Kile hamjui ni kwamba ile baiskeli ilipitia mezani kwangu wiki mbili kabla. Ni mota ya tairi ya nyuma, wati 1,000, throto ya kidole gumba. Kwa hizo kontrola (kisanduku kinachoongoza mota) za bei ya chini huwa kuna waya mweupe mwembamba uko na soketi ndogo, ukiunganishwa unazuia spidi, ukichomolewa mota inaachiliwa yote. Kijana akaniambia fundi nitolee hiyo kitu inanirudisha nyuma. Nikamchomolea. Dakika tatu, shilingi 800, na nikamwambia "pole pole lakini" kama hizo sentensi tunasema tukishashika pesa.

Nilienda kumwona yule mama na unga na sukari, na aibu. Sikumficha, nilimwambia mimi ndio nilitoa waya. Alikaa kimya kidogo halafu akasema, "Sikusikia kitu. Hata tairi sikusikia." Akaniuliza, kwani hizi baiskeli zenu hazina kengele siku hizi? Hakusema zifungiwe. Aliuliza kengele. Tangu hiyo siku mteja yeyote akiniomba kutoa limiti namrudishia baiskeli yake, na wawili tayari wamehamia kwa fundi mwingine upande wa stesheni, waende salama.

Lakini sasa angalieni vizuri. Ile ajali ilikuwa ya kuteremka. Kuteremka mota ya kusaidiwa haina kazi kubwa, mlima ndio unakusukuma, na nyinyi wenyewe mnajitangaza kwenye simu mkiteremka hapo kwa kilomita 40 na zaidi na baiskeli za kawaida. Ingekuwa mmoja wenu amemgonga? Kile kilifanya ile baiskeli iwe mbaya ni throto ya wati 1,000 ikiwa imefunguliwa, kijana hajazoea uzito, kengele haina, na njia ni moja watu wanapanda na kushuka hapo hapo. Hivyo vitu vinne vyote vinaweza kuzuiwa. Tangazo lenu limezuia cha tano, goti la Mwalimu.

4. Udongo. Hapa nawapa haki yenu, ni hoja nzuri. Udongo wetu huku ni wa volkano, kiangazi ni unga, mvua ikinyesha unabebwa wote kama hakuna mtu aliyekuwa hapo. Mwaka 2015 shirika la IMBA la waendesha baiskeli za milimani lilifanya kipimo huko Oregon, Marekani, wakapitisha baiskeli za kawaida, za stima za daraja la kwanza, na pikipiki, wakapima udongo uliosogea. Pikipiki ilichimba zaidi kwa mbali. Za stima zilikaribiana na za kawaida, ingawa kwenye kona na sehemu zingine za kupanda zilisogeza udongo kidogo zaidi. Hiyo ya mwisho nimeiandika makusudi msinione naficha. Na Oregon si hapa. Basi tupime hapa kwetu, ni vigingi na kamba na rula, mimi niko tayari kuja na baiskeli na nyinyi mje na yenu. Cha kuchekesha ni kwamba ule mfereji mkubwa karibu na lile bwawa, ule tunarukia, ulichimbwa na nduthi za magunia na kila mtu anajua.

5. Wanaoumia na hili tangazo si wale vijana wa throto. Wale wana njia zao, wanapitia nyuma kwa ua uliokatwa, wako ndani kila Jumapili, mnawasikia. Wenye wamebaki nje ni wale wanaopita getini na kulipa: Mwalimu, mama mmoja wa duka la nguo ambaye daktari alimwambia afanye mazoezi ya moyo lakini asijikaze sana kwenye mlima, na kijana mmoja mguu wake wa kushoto una polio ambaye nilimfungia mota akapanda hadi juu kwa mara ya kwanza maishani, akanipigia simu kutoka huko juu upepo unavuma sikusikia alichosema ila kelele za furaha. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mlemavu haki ya kufikia mahali pote kwa njia inayofaa. Sitaki kwenda nacho kortini. Nataka tu mjue kipo.

Najua majibu mtakayotoa maana mengine nilishayasikia kwa mlango.

Mtasema askari hawezi kutofautisha hizi baiskeli. Anaweza, ni sekunde kumi. Ainue gurudumu linalozungushwa na mota, mwenye baiskeli asiguse pedali, abonyeze kila kitu kiko kwa hando. Gurudumu likichapa mbio, hiyo ni pikipiki, irudi ilikotoka. Likizunguka pole pole kama mtu anatembea, hiyo ni ile ya kukusaidia kusukuma baiskeli ukitembea kwa miguu, hata Ulaya inakubaliwa mradi isipite kilomita 6 kwa saa. Lisipozunguka, karibu msituni. Hakuna kompyuta hapo.

Mtasema betri itawasha msitu. Hii siwezi kucheka nayo. Betri za lithiamu zikiungua zinaungua vibaya, na ziko zile watu wanaunganisha nyumbani na seli za kompyuta za zamani wanafunga na selotepu, mimi huwa nakataa hata kuzishika. Wekeni sheria: betri ya kiwandani kwenye kasha lake, hakuna kuchaji ndani ya msitu, iliyovimba au kupasuka isipite. Lakini mtu anayevuta sigara getini pia ako na kiberiti mfukoni, na huyo hamjamwandikia tangazo.

Mtasema wanyama. Hapa hapa kaunti yetu Hell's Gate imekuwa hifadhi tangu 1984 na watu wanaendesha baiskeli katikati ya pundamilia na twiga, kwa sheria zao na njia zao. Mnyama anashtushwa na kelele na mbio kuliko betri.

Mtasema chaji itaisha mtu akwame ndani. Ikiisha inabaki baiskeli nzito tu, kilo 22 hivi, utakanyaga ukijuta lakini utafika. Mtasema tukiruhusu hizi kesho zitakuja boda za stima. Boda ya stima haina pedali na iko na namba ya gari, mtoto wa nasari anaweza kuitofautisha.

Na ile ambayo hamsemi mkutanoni lakini mnasema kwa chai, ati ni kudanganya, mzee wa miaka 66 hawezi kunipita mimi kwenye mlima halafu niite hiyo mchezo. Wakubwa, hata UCI wenyewe wanaosimamia mbio za baiskeli duniani wana ubingwa wa dunia wa hizi baiskeli za stima za mlimani tangu 2019. Na Mwalimu hashindani na mtu. Akikupita mwambie habari ya asubuhi.

Kuna moja hamjawahi kusema na ndio ingekuwa ya maana, kwa hivyo wacha niwasemee. Hatari kubwa ya baiskeli ya kusaidiwa ni kupanda. Baiskeli ya kawaida hapo kwenye mikaratusi inapanda kilomita 7 au 8 kwa saa, ya stima inaweza kupanda 16 bila shida, na yule anayeteremka amezoea kukadiria kwa ile ya 7. Mnakutana kwenye kona mapema kuliko kila mmoja alivyofikiri. Hapo ndio mtu ataumia tena, na dawa yake ni kufanya ile njia nyembamba iwe ya upande mmoja, kupanda iwe kwa barabara ya magari ya msitu. Hili lingefaa hata kama baiskeli za stima hazingekuwepo.

Ninachoomba, basi.

Kwanza, sababu za tangazo kwa maandishi, zenye sahihi na tarehe, ndani ya siku 21 kutoka leo.

Pili, baiskeli za kusaidiwa ziruhusiwe kwa majaribio ya miezi sita: mota isiyozidi wati 250, inayokata kwa kilomita 25, throto hapana, limiti isiwe imetolewa, na kila moja ikaguliwe na kupewa stika. Ukaguzi nitafanya mimi bure lakini si peke yangu, leteni fundi mwingine asiyenipenda akae hapo tukikagua, juu nimeshasema niko na pesa yangu kwa hii maneno.

Tatu, throto zifungiwe kabisa kwenye njia za baiskeli, na nduthi za petroli pia, zitumie barabara ya magari kama zina ruhusa ya kuwa ndani. Huwezi kumzuia mwenye wati 250 ukamwinulia geti mwenye 5,000.

Nne, njia ya mikaratusi iwe ya upande mmoja.

Tano, mkikataa yote haya ni sawa, mko na mamlaka, lakini rudisheni zile 2,000 za kila mtu mliyemfungia nje. Majembe siwadai.

Na kengele iwe lazima kwa kila baiskeli, ya stima na isiyo ya stima. Hiyo si ombi langu ni la yule mama, mimi naileta tu. Nimeshanunua 40, ziko kwa boksi chini ya meza. Jumamosi hii kuanzia saa moja nitakuwa nje ya geti, si ndani, na spana namba kumi, nafunga bure kwa yeyote anayepita. Ya kwako pia Bwana Mwenyekiti, juu hiyo baiskeli yako haijawahi kuwa na kengele tangu nianze kuitengeneza.

Wenu mwaminifu,

Fundi wa baiskeli, Nakuru